Kijana Ametatizika, Pesa Ni Chache: Hesabu ya Mzazi wa Garissa

Shilingi 53,554. Hiyo ndiyo karo ya mwaka iliyowekwa na mwongozo wa Wizara ya Elimu kwa shule za bweni za ngazi ya kitaifa. Nusu yake, 26,777, inadaiwa muhula wa kwanza. Kabla hujauza mbuzi au kumpigia simu shangazi aliye ughaibuni, jiulize pesa hiyo itamfaa vipi kijana asiyelala usiku, anayepigana kila wiki, au aliyenyamaza tangu mwaka jana na hataki tena kutoka chumbani.

Makala haya ni ya mzazi au mlezi wa Garissa, Wajir au Mandera mwenye kijana wa miaka 12 hadi 18 ambaye shida yake imepita masomo. Ni hofu, huzuni, hasira, au tabia iliyobadilika ghafla. Muhula unakaribia na kila jirani ana ushauri wake.

Jambo la kwanza kujua: shule nyingi maalumu za umma nchini zilijengwa kwa ajili ya viziwi, wasioona, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Kijana anayesumbuliwa na hisia au tabia hana shule yake iliyo tayari inayomngoja. Kazi ya mzazi ni kuunganisha vipande: shule hapa, kliniki pale, mtu mzima wa kumsikiliza katikati. Swali ni vipande vipi vinastahili pesa yako.

Anza na tathmini, ndiyo nafuu kuliko vyote

Usimhamishe kijana kabla hajatathminiwa. Kenya ina vituo vya kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984. Walimu na maafisa wa elimu huviita EARC. Ulizia ofisi ya elimu ya kaunti au ya kaunti ndogo yako. Ni huduma ya umma. Ukiambiwa kuna ada, omba risiti.

Nenda na cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula miwili iliyopita, kadi ya kliniki kama ipo, na barua ya mwalimu wa darasa inayoeleza anachokiona. Barua isemayo "ni mkaidi" haisaidii. Inayosaidia ni ile isemayo kwamba tangu Mei anaondoka darasani mara mbili kwa siku na hali chakula cha mchana.

Omba apimwe masikio na macho kwanza. Kijana asiyesikia vizuri huonekana mjeuri, na asiyeona ubao huonekana mvivu. Mzazi anaweza kulipia bweni mwaka mzima kumbe dawa ilikuwa miwani.

Ripoti ya kituo hicho ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote utakazobeba. Itaombwa mtoto akitafutiwa nafasi maalumu. Itaombwa pia shule ikitaka baraza la mitihani limpe nafasi ya pekee, kama vile muda wa ziada. Toa nakala tatu, na halisi ibaki nyumbani.

Kliniki kabla ya karo

Hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Garissa ndiyo mlango wa karibu wa afya ya akili kwa wengi. Uliza siku ya kliniki kabla ya kusafiri, maana ukitoka Hulugho au Balambala ukakuta si siku yake, nauli imepotea. Kesi nzito hutumwa Mathari, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Nairobi.

Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupangiwa kulipa kwa mwaka, yaani angalau 3,600. Kujisajili ni bure, na ukishajisajili matibabu ya kutolazwa katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 hugharamiwa na serikali. Mwandikishe kijana chini ya jina lako leo, si siku atakayougua. Usitegemee ile bima ya wanafunzi wa sekondari iliyoitwa Edu Afya. Mkataba wake ulikwisha Desemba 2023.

Gharama iliyojificha hapa ni dawa. Kumwona daktari kunaweza kuwa nafuu, lakini duka la dawa la hospitali likiwa tupu utatumwa duka la nje. Uliza mapema: dawa hii ni ya miezi mingapi, mwezi mmoja ni kiasi gani, na ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile? Dawa nyingi za aina hii haziachwi ghafla. Kama huwezi kuinunua mwezi wa pili, mwambie daktari siku ya kwanza.

Kisomo cha Qur'ani nyumbani hakina ada na huwatuliza wengi. Mtu anayetoza kila kikao na kukuambia uache dawa za hospitali, huyo ni mfanyabiashara. Kisomo na kliniki vinaweza kwenda pamoja.

Chaguo la kwanza: shule ya kutwa iliyo karibu

Bei: ya chini kabisa. Serikali imepanga mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na 15,042 kwa sekondari msingi, ingawa shule hulalamika kuwa pesa hufika pungufu na kwa kuchelewa. Karo ya masomo hupaswi kutozwa. Utakacholipa ni chakula cha mchana, sare na usafiri.

Tufanye hesabu ya mfano. Bodaboda ya shilingi 100 kwa siku, kwa muhula wa wiki 13, ni 6,500. Ongeza chakula, na bado uko mbali na 26,777 ya bweni.

Faida kubwa ni kwamba unamwona kila jioni. Unajua amekula au hakula, amelala au hakulala, na dawa iko mkononi mwako.

Kasoro ni walimu. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe Januari 2020, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mahali pengi mwalimu wa ushauri nasaha ni huyohuyo mwenye vipindi vya hisabati kutwa nzima. Usiridhike kuambiwa "tunaye mwalimu wa ushauri." Uliza jina lake, anakaa ofisi gani, na huwaona wanafunzi siku na saa gani. Kama mwalimu mkuu hawezi kujibu, huduma hiyo ipo kwenye karatasi tu.

Chaguo la pili: bweni la umma

Bei: 53,554 kwa shule za kitaifa, na 40,535 kwa shule nyingi nyingine za bweni, zikigawanywa nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Maana yake, kijana akirudishwa nyumbani mwezi wa pili, sehemu kubwa ya pesa ya mwaka imeshaingia shuleni, na kuirudisha ni vita.

Gharama ambayo watu husahau ni ya kusimamishwa. Kijana mwenye hasira au hofu hupewa barua ya kwenda nyumbani mara nyingi kuliko wenzake. Chukua shule iliyoko Nairobi, kilomita 370 hivi kutoka Garissa, na nauli ya mfano ya shilingi 1,200. Mzazi anaenda kumchukua: nauli moja. Wanarudi wawili: mbili. Wanakwenda tena wawili baada ya wiki mbili: mbili nyingine. Mzazi anarudi peke yake: moja. Jumla nauli sita, shilingi 7,200, bila malazi, chakula wala siku ulizofunga duka. Barua mbili kwa mwaka ni 14,400. Anayetoka Mandera, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi, azidishe mwenyewe.

Mvua nazo zina bei. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yalikata barabara ya Garissa kuelekea Nairobi karibu na Madogo. Fikiria kijana anayetaka kujiumiza yuko ng'ambo ya maji na wewe huwezi kuvuka.

Bweni linamfaa kijana ambaye kinachomuumiza kiko nyumbani au mtaani: ugomvi wa familia, kundi la miraa, vitisho vya ukoo. Halimfai anayelia usiku, anayetumia dawa kila siku, au aliyewahi kujaribu kujiua. Ukilichagua, kagua malazi kwa macho yako: milango inafunguka kwa nje, madirisha hayana nondo, vitanda havijabanana. Septemba 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, na baadaye serikali ikafunga mabweni ya mamia ya shule za msingi kwa kukosa viwango.

Chaguo la tatu: shule au kitengo maalumu cha umma

Bei: nafuu kwa mzazi. Mwongozo wa karo uliweka mchango wa mzazi katika sekondari maalumu kuwa shilingi 12,790 kwa mwaka, serikali ikibeba zaidi ya mara nne ya hizo. Thibitisha kiwango cha mwaka huu.

Ni chaguo zuri ikiwa ripoti inasema kijana ana ulemavu wa akili, usonji au uziwi pamoja na msukosuko wa hisia. Ikiwa akili yake iko sawa na shida ni huzuni au hasira, atajikuta darasani na wenzake wenye mahitaji tofauti kabisa, atachoka kwa masomo mepesi, na hasira itaongezeka. Usichukue nafasi hii kwa sababu ya bei tu.

Chaguo la nne: shule ya kibinafsi yenye mshauri

Bei: hapa hakuna dari. Unacholipia ni darasa dogo na mshauri wa kazi hiyo pekee. Wanafunzi wakiwa 20 darasani na mshauri anakuja kila siku, huenda pesa ikastahili. Wakiwa 45 na mshauri anakuja mara moja kwa muhula, umenunua sare nzuri na basi la shule.

Omba orodha ya malipo yote kwa maandishi: ada ya kiingilio, amana, mtihani wa kuingia, vitabu, vipindi vya jioni, safari, bima, kufua nguo. Uliza kama vikao vya mshauri vimo ndani ya karo au vinalipiwa kando. Kisha uliza swali ambalo shule nyingi hazilipendi: akiondolewa katikati ya muhula, mnarudisha kiasi gani?

Chaguo la tano: kituo cha kurekebisha tabia

Hapa ndipo familia nyingi za Kisomali hupoteza pesa na wakati mwingine mtoto. Vituo vinavyoitwa dhaqan celis, Eastleigh na kwingineko, huahidi kumrudisha kijana kwenye dini na adabu. Wateja wao wakubwa ni familia za Kisomali zilizoko Ulaya na Marekani, kwa hiyo bei nyingi hupangwa kwa dola. Mwaka 2017 shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilitangaza simulizi za vijana waliopigwa na kufungiwa katika vituo vya aina hii Somalia na Kenya.

Si kila kituo ni jela. Lakini kijana aliyeshtuka au anayesikia sauti haponi kwa mnyororo. Tumia kipimo hiki: unaruhusiwa kuja bila taarifa? Unaruhusiwa kuzungumza naye faraghani? Simu yake inapatikana kila wiki? Kuna muuguzi? Kuna cheti cha usajili ukutani? "Hapana" moja tu inatosha: ondoka na pesa yako.

Usichanganye vituo hivyo na shule za urekebishaji za serikali kama Kabete, Getathuru au Wamumu. Hizo hazinunuliwi, mtoto huingia kwa amri ya mahakama. Anayekuambia atakupatia nafasi huko kwa "kitu kidogo" anakuibia.

Chaguo la sita: ufundi

Kwa kijana wa miaka 16 au 17 aliyechoka kabisa na darasa, usilipe karo nyingine ya kumlazimisha. Vyuo vya ufundi vya kaunti hufundisha umeme, ushonaji, useremala na makanika, na mjini Garissa ipo North Eastern National Polytechnic kwa wenye viwango vya juu zaidi. Kazi ya mikono yenye matokeo ya siku ileile huwatuliza vijana wengi kuliko ubao. Gharama ya kuulizia ni vifaa: cherehani, bisibisi, buti, ovaroli na ada ya mtihani mara nyingi haviko kwenye karo. Kliniki iendelee vilevile.

Na binti je?

Mvulana akivunja dirisha, wote wanajua ana shida. Binti akinyamaza, anasifiwa kwa adabu. Mtafutie tathmini hata kama hajamsumbua mtu. Kumwoza si matibabu wala si njia ya kubana matumizi: Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri kuwa miaka 18, na huzuni yake atahama nayo hadi nyumba ya mumewe.

Malipo ya kukataa

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakupa ngao kadhaa. Shule ya umma haitozi ada ya masomo. Hakuna mchango bila risiti rasmi. Mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu mchango haujalipwa. Kifungu cha 36 kinakataza kiboko na unyanyasaji wa kiakili. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Mwalimu akikuomba ruhusa ya "kumnyoosha," mkumbushe kifungu hicho kwa upole.

Lipa kwa akaunti ya shule pekee, si kwa simu ya mtu. Karo ikishindikana, ulizia basari kwenye ofisi ya kaunti na ya mbunge, lakini usimpeleke mtoto bweni kwa kutegemea hundi ambayo haijaandikwa.

Ukifikiwa na dharura

Kijana akisema anataka kufa, au ukiona maandalizi, makala haya yaweke kando na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimwache peke yake, na ondoa dawa, visu na kamba. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinapingana na Katiba.

Simu za bure ni 116 kwa masuala ya watoto, 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, na 1192 ya NACADA kwa miraa, bangi na dawa nyingine za kulevya. Walioko kambi za Dadaab waanzie hospitali ya kambi yao, iwe Dagahaley, Ifo au Hagadera, kabla ya kufikiria nauli ya Nairobi.

Uamuzi kwa kadiri ya mfuko

Ukiwa na shilingi 5,000: tathmini, usajili wa SHA na malipo yake ya mwaka, na nauli ya kliniki. Abaki shule ya kutwa aliyomo, ukikubaliana na mwalimu mmoja kwa jina awe mtu wake wa kumkimbilia.

Ukiwa na 20,000: hayo yote, kisha dawa za miezi mitatu na usafiri wa kila siku. Kama shule aliyomo inamuumiza, mhamishie nyingine ya kutwa iliyo karibu na ndugu mtulivu. Kuishi kwa mjomba mwenye subira ni bora kuliko bweni zuri lisilo na mtu anayemjua.

Ukiwa na 60,000 au zaidi: shule yenye darasa dogo na mshauri wa kila siku, lakini baada ya tathmini, na usilipe zaidi ya muhula mmoja kwa wakati. Muhula ukiisha, pima kwa vitu vinavyoonekana: usingizi, siku alizohudhuria, ugomvi uliopungua. Visipobadilika, usiongeze pesa, rudi kliniki.

Kwa mfuko wowote, fuata kanuni hii: lipia watu walio karibu na kijana kabla ya kulipia kuta zilizo mbali. Ofisi ya elimu hufunguliwa Jumatatu asubuhi. Nenda ukaombe tarehe ya tathmini kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi.